Daftari la chaji

Siku ile umeme ulikatika Muheza tangu alfajiri, na mimi sikujali, maana simu ililala kwenye chaja na ilikuwa imejaa mia. Ulikuwa mwezi wa saba, msimu wa machungwa umekolea. Aliyewahi kufanya uwakala wa pesa za simu hapa kwetu anajua maana ya mwezi wa saba: wanunuzi wanashuka kutoka Dar, wengine wanavuka kutoka Kenya, na wote wanataka taslimu ya kuwalipa wakulima huko mashambani. Kamisheni ya msimu ndiyo ada ya shule ya mwaka mzima.

Saa tatu na ushei akaja mnunuzi mmoja, mteja wangu wa msimu wa tatu sasa, anataka kutoa laki tisa. Kwa wasiojua inavyokwenda: mteja ndiye anayeanzisha kwenye simu yake. Anaingiza namba yangu ya uwakala, kiasi, namba ya siri. Zinatoka meseji mbili, moja inaingia kwake, moja kwangu. Mimi sitoi hata mia mpaka niione ya kwangu, kwa sababu ya kwenye simu ya mteja inaweza kuwa ya kutungwa, na nimeshashuhudia mwenzangu wa pale sokoni akikaa chini na kulia kwa sababu ya meseji ya kutungwa.

Yake ikaingia. Akanigeuzia kioo niione. Nikachukua yangu: giza. Nikabonyeza, ikatetemeka, ikaonyesha kile kibetri chekundu, ikazima tena.

"Dada, pesa imeshatoka kwangu."

"Naona, kaka yangu. Lakini kwangu haijaingia."

"Itaingiaje na simu umeizima?"

Sikuizima mimi. Lakini utamweleza nini mtu mwenye lori linangurumisha injini nje? Nyuma yake kulikuwa na watu wanne kwenye foleni, na wote wakawa wananiangalia kama vile laki tisa nimezificha kwenye kanga. Kijana wa duka la vipuri jirani akanipa pawa benki. Simu iliyokauka kabisa haiwaki papo hapo, inataka inyonye kidogo kwanza, kwa hiyo tukasimama hivyo, mimi na mnunuzi, tunaangalia kialama cha chaji kama watu wanaosubiri maziwa yachemke.

Ikawaka. Na kitu cha kwanza kilichotokea kwenye kioo, kabla hata mtandao haujashika, ni ile ngao ya kijani ya antivairasi: "Inachunguza programu, 3 kati ya 94." Nikagusa meseji, haifunguki. Nikagusa tena. "11 kati ya 94." Simu imepata joto mkononi kama kiazi kilichotoka jikoni, na ile chaji ya kuombaomba inaliwa mbele ya macho yangu na kitu kinachoniambia kinanilinda. Meseji ilifunguka ilipofika sitini na kitu. Nikahesabu laki tisa, nikampa, nikaomba radhi. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita. Akasema, "Haina shida," kwa sauti ile ambayo kila mtu anajua kuwa shida ipo.

Siku iliyofuata nikamwona anatolea kwa wakala wa upande wa pili wa barabara.

Sasa hiyo ngao ilifikaje kwangu. Mtoto wa mdogo wangu anasoma chuo Dodoma, na alipokuja likizo akaikuta simu yangu akashika kichwa. "Mama mkubwa, simu ya biashara haiwezi kukaa uchi hivi." Ilikuwa wiki ileile yule mwenzangu wa sokoni alipolizwa, kwa hiyo sikuhitaji kubembelezwa. Akapakua antivairasi, ile ya bure. Sitaitaja jina, kwa sababu nilivyokuja kuelewa baadaye, tabia hizi si za moja. Ikaanza kuomba: niruhusu nione faili, niruhusu nitokee juu ya programu nyingine, niruhusu nifanye kazi hata simu ikiwa imelala, niwe msimamizi wa kifaa. Nikagusa Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, kama mtu anayejibu itikio msikitini. Mwisho ikatokea ngao ya kijani juu kwenye kona, na kila jioni ujumbe: "Kifaa chako kiko salama."

Sitadanganya, niliipenda. Nilikuwa nikifunga kibanda usiku naiangalia ile ngao na roho inatulia.

Ilikaa vizuri miezi mingi. Chaji ilipoanza kupungua nikalaumu kila kitu isipokuwa yenyewe. Nililaumu joto, nikalaumu mtoto anayecheza gemu, nikalaumu umri wa simu. Betri hizi za lithiamu zinazeeka kweli, kila ukijaza na kumaliza zinapoteza kidogo, kwa hiyo haikuwa hoja ya kijinga. Nikampelekea fundi, akaipasha mgongo, akaibandua, akaweka betri mpya, elfu thelathini na tano. Siku mbili nikafurahi. Ya tatu saa saba mchana ikalia asilimia kumi na tano.

Nikarudi kwa fundi na midomo mirefu. Akaipima, akanirudishia. "Mama, betri haina kosa. Kuna mtu anaila."

Nikamuuliza mtu gani. Akafungua mipangilio, akaingia kwenye betri, akaingia matumizi ya betri. Nina hiyo simu mwaka wa tatu na sikuwahi kufika chumba hicho. Kioo asilimia 22. WhatsApp 9. Ile ngao ya kijani, 34. Mimi siku hiyo sikuifungua hata mara moja.

Akaenda tena kwenye matumizi ya data. Pale ndipo niliposhika kiuno. Ngao imekula GB 2 na MB 600 kwa mwezi, na karibu zote chinichini, yaani simu ikiwa mfukoni au imelala mezani. Bando zangu zilizokuwa zinaisha Alhamisi na mimi nawasema watoto! Nilimwomba binti yangu msamaha jioni ile. Hakuupokea moja kwa moja, akaomba bando kwanza.

Kilichokuwa kinatokea fundi alinieleza kwa subira, na nitajaribu kukieleza vilevile. Hizi antivairasi zina vitu viwili vya kusasisha. Kuna programu yenyewe, hiyo inasasishwa kupitia Play Store. Na kuna orodha ya virusi, hiyo programu inaifuata yenyewe kwenye mtandao wa kampuni yake, kila siku, wakati mwingine zaidi ya mara moja kwa siku. Play Store yangu ilikuwa imewekwa isasishe programu kwa waifai pekee. Mimi waifai naiona kwenye matangazo. Kwa hiyo programu yangu ilibaki ileile aliyoiweka mtoto, imepitwa na mwaka na zaidi, wakati orodha zinazoletwa zimetengenezewa toleo jipya. Inapakua, inafika mwisho, inashindwa kuifungua, inatupa, inaanza upya. Mtandao wa hapa nao ukikatika katikati, inaanza tangu mwanzo. Usiku kucha. Ule ujumbe wa "Sasisho limeshindikana, gusa ujaribu tena" nilikuwa nauona karibu kila asubuhi na ninaufuta kwa kidole kama matangazo ya bahati nasibu.

Na hapo ndipo chaji ilipokuwa inakwenda. Nilikuwa nadhani kupakua kunakula bando tu. Kumbe redio ya simu ikishaamka kuvuta data haizimi mara moja, inabaki macho sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna zaidi, na mawimbi yakiwa hafifu inapaza sauti zaidi kuutafuta mnara. Ukiiamsha kila baada ya dakika chache hailali kabisa. Android tangu toleo la 6, lile la mwaka 2015, ina utaratibu wa kuilaza simu: ikikaa imetulia, kioo kimezimwa, haiko kwenye chaja, programu zote zinaambiwa zisubiri, zinafunguliwa mlango kwa muda mfupi kisha zinafungiwa tena. Lakini mimi nilishaipa ngao ruhusa ya kutolala. Niliigusa mwenyewe, ile Ruhusu ya tatu au ya nne.

Juu ya hapo simu yangu ina kisimamizi chake cha betri, kilichokuja nayo kutoka dukani, na kazi yake ni kuzima programu zinazokaa muda mrefu chinichini. Kinaizima ngao. Ngao inajiwasha tena. Kinaizima. Inajiwasha. Na kila ikijiwasha inaanza uchunguzi wake tangu programu ya kwanza. Fundi aliwaita mgambo wawili wanaokamatana wao kwa wao huku soko linaibiwa.

Mimi ni mtu wa daftari. Wakala asiye na daftari hamalizi mwaka. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote nikachora mistari kwenye kurasa za nyuma za daftari la miamala, nikaandika chaji kila saa, kama ninavyoandika floti, yaani salio la kufanyia kazi.

Jumatatu, ngao ikiwa kama ilivyo: saa moja asubuhi 100, saa nne 71, saa saba 38, saa tisa na nusu 12. Nikaiweka kwenye chaja.

Jumanne fundi aliisasisha kwa waifai ya dukani kwake, ikapokea toleo jipya, na ule ujumbe wa kushindwa ukakoma. Saa nne 80, saa saba 57, saa kumi 34. Ngao kwenye orodha ya betri imeshuka kutoka 34 hadi 17. Niliona nimepona. Lakini jioni ikaniambia toleo jipya lina "ulinzi ulioboreshwa," ikataka kuchunguza faili zote upya, pamoja na picha za harusi ya wifi yangu ambazo sijui kirusi gani angejificha humo. Na sasa ilikuwa na tangazo kila ninapofunga simu. Mara itanisafishia simu, mara itaniharakishia, mara itanipoza. Nilishangaa zaidi hilo la kunipoza.

Jumatano nikailazimisha isimame. Saa nne 90, saa saba 74, saa kumi 59, saa mbili usiku 37. Nilikuwa nimesahau simu inaweza kufika usiku.

Mtu ataniambia siku moja moja si kipimo, na wateja hawafanani kila siku. Kweli. Nilirudia wiki iliyofuata kwa mpangilio mwingine, nikianza na siku ya kuisimamisha, na tarakimu hazikupishana sana. Ukurasa ninao.

Kuiondoa nayo ilikuwa kazi. Nikaishikilia, nikagusa kuondoa, kitufe kimefifia, hakibonyezeki. Nikaona huyu sasa amekuwa mpangaji mwenye mkataba. Nikampigia mtoto Dodoma. Akacheka, akaniambia, mama mkubwa, ulimpa usimamizi wa kifaa, huwezi kumfukuza msimamizi mpaka umvue cheo. Nenda mipangilio, usalama, programu za usimamizi wa kifaa, mtoe tiki. Nikamtoa tiki. Ngao ikatoa onyo jekundu ukurasa mzima kwamba kifaa changu hakitakuwa salama. Nikakubali kutokuwa salama. Kitufe kikakolea.

Usiku ule sikulala vizuri, niseme ukweli. Nilikuwa kama mtu aliyeacha mlango wazi. Nikawa nasoma, na mtoto ananitumia viungo kutoka chuoni, na mengi niliyoyasoma nilitamani ningeyasoma kabla. Kwanza, kila programu kwenye Android imefungiwa chumba chake, haiwezi kuingia chumba cha mwenzake na kupekua. Antivairasi nayo ni programu, imefungiwa vilevile. Haiwezi kuona ndani ya programu ya benki, na heri isiweze. Kinachobaki ni kuangalia jina, saini na faili ya kilichopakuliwa, na kulinganisha na orodha yake. Pili, Google yenyewe tangu 2017 imeweka mlinzi ndani ya Play Store, Play Protect, anayefanya kazi hiyo ya kuchunguza programu bila kumwomba mtu chochote. Ilikuwa humo simuni kwangu siku zote. Unafungua Play Store, unagusa picha yako pale juu, unaiona. Si ya ajabu, haikamati kila kitu. Lakini ilikuwepo, na sikuwahi kuiona kwa sababu haina ngao inayong'aa kwenye kona.

Cha tatu ndicho kilichonichekesha mpaka mume wangu akaamka. Mwaka 2014 kulikuwa na antivairasi moja inaitwa Virus Shield, inauzwa dola 3.99 kwenye Play Store, na ilipanda mpaka kileleni mwa programu mpya za kulipia. Wachunguzi walipoifungua wakakuta inafanya kitu kimoja: ukiigusa, alama ya X inageuka kuwa alama ya vema. Basi. Google ilirudishia watu hela zao. Na mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives huko Austria ilizijaribu antivairasi 250 za Android, na 80 tu ndizo zilizokamata zaidi ya asilimia 30 ya virusi bila kusingizia programu safi. Nyingine zilikuwa na orodha ya majina ya programu zinazoziamini, na kila kisichokuwa kwenye orodha kinaitwa hatari. Baadhi zilisahau kuandika jina lao wenyewe, zikajitangaza kuwa ni virusi. Kwa haki yake, katika jaribio hilohilo ziko zilizokamata vyote, na ya kwangu huenda ni mojawapo. Tatizo langu halikuwa kwamba haijui kukamata.

Maana mimi wezi wangu ninawajua. Wiki mbili kabla ya habari ya yule mnunuzi, ngao ikiwa inang'aa, ilipigwa simu mchana. Sauti ya kijana mstaarabu, nyuma yake kelele za ofisi. "Habari ya kazi, dada. Napiga kutoka huduma kwa wateja, laini yako ya uwakala inafungwa leo saa kumi, tuihakiki haraka." Ananitajia majina yangu yote matatu. Anataka nibonyeze tarakimu kadhaa kisha niweke namba ya siri. Nilikata. Mama mmoja muuza samaki, mteja wangu, hakukata, akapoteza laki na nusu. Na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" inaingia simu hii karibu kila wiki, ikiwa na ngao na ikiwa haina. Hiyo naipeleka 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na siku moja moja nabonyeza *106# kuona kama kuna laini ngeni imesajiliwa kwa kitambulisho changu. Jioni ya siku ile ya kijana mstaarabu, ngao iliniambia kifaa changu kiko salama. Na kilikuwa salama kweli. Anayewindwa hapa ni mwenye kifaa.

Sisemi kila mtu aondoe. Mdogo wangu wa kiume anapakua kila anachotumiwa kwenye makundi, WhatsApp za kienyeji zenye rangi, michezo ya kufunguliwa mtandaoni. Huyo wacha awe na antivairasi hata tatu. Nilichomfanyia ni kumwekea Play Store isasishe programu kwa mtandao wowote, kwa sababu naye hana waifai, na kumwonyesha chumba cha matumizi ya betri. Aliingia akakuta tochi inakula asilimia 11. Tochi.

Mimi laini ya uwakala nimeitoa kwenye simu kubwa. Nimenunua kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, elfu ishirini na tano, pungufu ya betri niliyobadilisha bure. Kinakaa chaji siku nne, hakina pa kuweka ngao, na meseji yake ikiingia inalia mpaka mtu wa foleni ya nyuma anasikia. Simu kubwa nimeiachia benki, WhatsApp na hizi kelele ninazoandika.

Mtoto anakuja mwezi wa kumi na mbili. Ameshaniambia ana nyingine nzuri zaidi, nyepesi, haili chaji. Nimemwambia aje na daftari.

Yule mnunuzi wa machungwa bado anatolea upande wa pili. Jumamosi alipita mbele ya kibanda, akasimama, akasalimia vizuri, kisha akauliza kwa sauti watu wasikie kama simu leo imeshiba. Nikamgeuzia kioo. Saa tisa mchana, 68. Akacheka, akanipungia mkono, akavuka barabara.